Jina Nililoliita Dirishani

Sogezeni viti, wanangu, na mwenye simu aizime, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo nimeipima kama nilivyokuwa nikipima dawa, na haitoshi kusema jambo mara mbili. Mwalimu, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa kichwani. Kitindamimba, acha kulia kwanza. Machozi yana wakati wake na wakati wake haujafika. Dada yenu yuko jikoni anachemsha maji ya kunikanda miguu. Naam, nimesema dada yenu, na nimewaona mlivyotazamana. Tazamaneni, mkimaliza mnisikilize.

Mali kwanza, ili roho zenu zitulie. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, hakuna wa kumtoa mwenziwe. Baiskeli na vitabu vyangu ni vya Mwalimu. Cherehani ya marehemu mama yenu na kabati lenye kioo ni vya Kitindamimba. Chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambacho Mwalimu umeshakipima kwa hatua ukidhani nimelala, hicho ni cha dada yenu, pamoja na kinu changu cha kaure na mizani ya shaba, aweke humo meza yake ya kutengenezea miwani, aache kukaa kibarazani kwa watu na kufunga virago kila mvua inaponyesha. Karani wa mahakama aliyaandika haya juzi, mashahidi wakiwa jirani yetu muuza mkaa na yule msusi rafiki wa dada yenu, na jina lake dada yenu limeandikwa lote, kama anavyoliandika mwenyewe. Nililisoma mara tatu kabla ya kutia saini.

Mara tatu, ndivyo nilivyofunzwa. Nilisomeshwa na walimu wa kikoloni waliochapa mtu kwa herufi moja, kisha miaka thelathini na sita nikagawa dawa hospitalini: chupa unaisoma unapoitoa rafuni, unaisoma kabla ya kumimina, unaisoma unapoirudisha. Sikuwahi kumpa mtu dawa isiyo yake. Na mtu huyo huyo, aliyeogopa kukosea jina la dawa ya kikohozi, alikaa na mtoto wake chini ya paa moja asimuulize hata siku moja anataka kuitwaje. Mama yenu hakuhitaji kuuliza. Alimwita mwanangu wa kike huko jikoni, na mimi nikiingia walibadilisha mazungumzo wakajifanya wanazungumza habari za mboga.

Na nyinyi mnamwitaje? Nimelala hapa miezi saba. Macho nimefumba, masikio sikufumba. Mwalimu, wageni wakija unasema, "Huyu mhudumu wa mzee." Kitindamimba, wewe humwiti kitu, unakohoa mpaka ageuke. Wajukuu mmewafundisha kusema "yule mtu wa uani", hata siku moja yule mdogo akanijia, "Babu, yule mtu wa uani hana jina?" Nikamwambia kamuulize mwenyewe. Akarudi anarukaruka: "Kasema nimwite shangazi, na pipi kanipa!" Mama yake akamzaba kofi. Lilimpata mtoto, lakini lilikuwa langu.

Mwezi uliopita nilimuuliza, nikiwa nimechelewa miaka hamsini, maneno ya watu anayapokeaje. Alikuwa ananikata kucha, na msusi amekaa pale kizingitini.

"Maneno yapi, baba?" akasema. "Ya mtaani? Dumejike na ndugu zake? Hayo ni mvua. Ukifukuzwa ndani unajifunza kulowa. Yanayoniuma ni ya wastaarabu. Mgonjwa. Mtihani wa familia. Jambo lile. Na wale wanaosema 'zamani alikuwa', wanashusha sauti kama kuna msiba, na mimi nimekaa hapo hapo nakunywa chai."

Msusi akacheka. "Mimi, mzee, usinipunje. Mwanamke aliyebadili jinsia, liandike hivyo hivyo na ulipigie mstari. Nimelitolea jasho, nalivaa kama medali."

"Vaa wewe, shoga yangu. Mimi sikubadili kitu, niliacha kunyamaza tu. Daktari akiliandika kwenye faili, sawa, ana kazi nalo. Lakini nani anaitwa kwa neno la kwenye faili akiwa mezani kwao? Hata wale wa semina za haki, watu wema kabisa, hawaishi kuniita jasiri. Jasiri, jasiri! Jasiri wa nini? Nimekwenda kununua nyanya."

"Basi unataka uitweje, malkia?"

"Mama Miwani, kama wateja wangu. Wale nimewatengenezea macho, wakaniona."

Tulicheka watatu. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo hakulitaja, na aliyelitoa kinywani ni mimi.

Mnamcheka anavyoinamisha kichwa akizungumza na mtu. Kitindamimba, nilikusikia ukimwigiza mbele ya mume wako: "Madaha hayo! Bibi arusi wa uzeeni." Na wewe Mwalimu ulicheka mpaka ukashika ukuta. Sasa sikilizeni, maana hili ndilo nililowaitia. Habari ya baiskeli na kabati ningemwachia karani awasomee.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja hospitalini. Alikuwa ameshahama nyumbani, amevaa gauni la kijani alilopewa na mama yenu, sikio la kushoto linatoka usaha, homa imempanda. Daktari akamwandikia dawa, karatasi ikafika dirishani kwangu, na juu yake kulikuwa na jina nililompa mimi alipozaliwa, jina la babu yangu. Nikamwona kupitia kidirisha, mwisho wa benchi la wanawake, ameshika shavu. Wanangu, mimi nilikuwa na desturi yangu: mwenye maradhi ya aibu sikumwita kwa jina, nilimwita kwa nambari, au niligonga kaunta nikamwashiria kwa jicho. Malaya niliwasitiri. Walevi niliwasitiri. Mwizi aliyeletwa na pingu nilimsitiri. Mwanangu sikumsitiri. Niliinua sauti ile ya kusomea mbele ya darasa, nikaita jina lote, la kwake, la kwangu na la baba yangu, na mbele yake nikaweka "Bwana", jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mgonjwa yeyote. Ukumbi mzima ukageuka kumtafuta bwana huyo. Nikaita mara ya pili. Akanitazama. Hakuwa na hasira, wanangu, alikuwa ananiomba. Nambari yake ilikuwa kumi na saba. Ningesema kumi na saba, basi, yakaisha. Nikaita mara ya tatu. Akiinuka amelikubali mbele ya watu wote. Asipoinuka, sheria ya dirishani ilikuwa wazi: aitwaye mara tatu asiitike, dawa yake hurudi rafuni. Hakuinuka. Nikairudisha. Na wakati wa kuirudisha nikakisoma kibandiko, kama nilivyofunzwa.

Usaha uliingia mfupani. Mama yenu ndiye aliyempeleka kwa madaktari wengine, wakampasua nyuma ya sikio, uhai ukapona, sikio halikupona. Yale si madaha. Anawageuzia sikio linalosikia, ili asikose hata neno la watu wasiomwita kwa jina. Kovu liko hapo chini ya kitambaa cha kichwa; muombeni awaonyeshe, akikubali. Miaka thelathini hakumwambia mtu, na mimi miaka thelathini nimejiambia kwamba nilifuata sheria. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu mimi ameshaota mvi.

Wala msidhani amenisamehe. Wiki iliyopita nilijikaza nikamwita binti yangu, mara ya kwanza kwa kinywa changu na mbele ya uso wake. Alitia kidole kwenye maji ya kunikanda, akasema, "Maji yamepoa, baba, ngoja nikaongeze moto." Sikudai zaidi. Alikuja kuniuguza kwa sababu nyinyi mlikuwa na kazi nyingi, na kwa sababu yeye hakunirithi moyo.

Nipeni maji... hapana, lowesha midomo tu. Asante.

Shikeni haya. Siku ya kunizika, msomaji asitangaze kwamba nimeacha wana wawili wa kiume na binti mmoja. Nimeacha mwana mmoja na mabinti wawili. Akisita, mnyang'anyeni karatasi apewe msusi. Yule ana sauti na hana haya. Dada yenu asimame mbele, bega kwa bega na Kitindamimba, msimfiche nyuma na wapishi. Anayeona aibu abaki kwake, mimi sitaamka kuuliza. Wajukuu wamwite shangazi, na mtoto asipigwe tena kwa kusema kweli. Na jina lile nililolitangaza dirishani, nizikeni nalo. Lilikuwa la babu yangu, nitamrudishia.

Mungu awape nyumba yenye amani. Awape masikio mawili mazima, na myatumie. Awape watoto ambao... mkiwaita, wataitika.

Sasa, Mwalimu. Mwite. Si kwa kukohoa, si "wewe", si "mhudumu". Neno unalijua, unamwita nalo huyu Kitindamimba kila siku. Mbona unatazama sakafu?

Nimekusikia. Lakini umeita kwa sauti ya mtu anayeiba. Yeye hajasikia, maji yanachemka... na sikio lililoelekea huku ni la kushoto. Ita tena.

Bado. Inuka, mwanangu. Nenda mpaka mlangoni mwa jikoni, simama kuliani kwake. Mimi sauti... sina tena.

Usirudi kukaa. Mara tatu ilikuwa sheria yangu mimi, nayo ilikuwa sheria mbaya. Wewe ita... ita mpaka aitike.