Mtetezi wa Wachache

Lori la kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea lilibeba magunia ya ufuta, na Mwantumu, aliyekalia mojawapo, alisikia kila neno.

"Umoja wa Mataifa umenipa ufadhili," Mwalimu Saburi alimwambia mama aliyekaa mbele yake. "Nakwenda Ulaya miezi sita kusomea haki za binadamu, hasa za watu wachache."

"Wachache ndio akina nani?" aliuliza yule mama, Albina.

"Kama ninyi Wamakonde mliotoka Msumbiji."

"Sisi wachache? Njoo kwenye ngoma zetu uone!"

Mwantumu aliziba kicheko kwa upindo wa kanga. Albina hakucheka. "Basi Mungu amekuleta, mwalimu. Jumbe wa kijiji chetu cha Likunja ametukataza kisima. Anasema sisi wageni tukachote mtoni, na mto umekauka. Shuka ukamwambie."

Saburi alikohoa. "Mambo haya yana taratibu zake, mama. Kwanza nisome."

"Hiyo miezi sita tunywe nini?"

Mwalimu akaeleza kwamba binadamu wote huzaliwa sawa, akaeleza vizuri mno, hata Mwantumu akajiona amepanda cheo. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Jumbe huyo ni mjomba wangu."

Mwantumu alimwonea huruma. Kwa Mmwera kama yeye, anayehesabu ukoo kwa upande wa mama, kuhutubia Ulaya nzima ni rahisi kuliko kumkosoa mjomba.

"Ndiyo vizuri," alisema Albina. "Mjomba hatakufukuza."

"Humjui."

Lori likasimama Likunja. Albina alishuka na debe lake tupu, akamngoja. Saburi alivusha mguu mmoja nje ya ubavu wa lori, akabaki hivyo, huku dereva akipiga honi.