Arvid Heikkila, Aliyeipisha Sauti Mbele

Ndugu, jamaa na majirani mliokanyaga theluji yote hii kuja kutushika mkono, mimi ni Elma, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mtu ambaye hakuacha swali lipite bila kulishika shati.

Marehemu Arvid Onni Heikkila alizaliwa tarehe 9 Februari 1961 hapa Calumet, Michigan, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Onni, mchimba shaba, na mama Lempi, akakulia katika nyumba ambayo simu yake ilikuwa ya ushirika, waya mmoja kwa nyumba nane, na sheria ilikuwa kwamba mwenye dharura akibisha hodi wengine wote hukata, hata kama umbea umefika patamu. Arvid alikuwa akinyanyua mkonga kimyakimya ili asikilize tu jinsi watu wanavyopishana, na siku mama alipomfuma na kumwambia, "We mtoto, masikio hayo yatakuponza," yeye aliuliza ni nani anayeamua kwamba dharura ya huyu ni kubwa kuliko ya yule, swali ambalo mama alilijibu kwa kibao.

Alisoma hapa hapa tangu 1967 hadi 1979, akapata stashahada ya elektroniki mjini Houghton mwaka 1982, akapanda nguzo za simu kwa miaka kumi na minane, na tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Colleen Beauchamp, wakajaliwa binti mmoja, Britta, mwaka 1989. Machi 2001 aliajiriwa na hospitali moja ya jirani kusimamia mawasiliano, na wauguzi walipopewa simu za waifai mwaka 2007, yeye alizipima kwa kutembea kila korido akiisomea simu jinsi ya kupika mkate wa iliki wa mama, huku mwenzake Doreen akisikiliza upande wa pili na kupiga kelele, "Arvid, sukari imepotelea karibu na chumba cha eksirei!" Wagonjwa walidhani ni mpishi mpya.

Hewa ya mtandao ule ilikuwa moja, na sauti, video na barua pepe viliigombania, kwa hiyo kila mkuu wa idara alimjia akitaka vitu vyake vitangulie, na kaka yangu, ambaye kusema hapana kulimshinda maisha yake yote, akawaweka wote kwenye foleni ya kwanza. Tarehe 5 Novemba 2009, wakati wakubwa wakiwa kwenye mkutano wa video, muuguzi Lorna Pelkie alimpigia daktari kwa sababu mgonjwa wake alikuwa anaishiwa pumzi, daktari akasikia vipande vipande visivyoeleweka, na Lorna akaitupa simu akashuka ngazi za ghorofa tatu mbio kwenda kumleta mwenyewe, na ni kwa mbio zile tu mgonjwa alipona.

Lawama zilikwenda kwa simu, na Arvid angeweza kunyamaza akalinda kazi yake, lakini alisimama kikaoni akasema, "Kosa ni langu. Nimewaweka wote mbele, kwa hiyo hakuna aliye mbele." Mkurugenzi akamuuliza, "Kwa hiyo barua yangu mimi isubiri?" naye akajibu, "Isubiri, bosi. Barua ikichelewa sekunde mbili inafika nzima, lakini sauti ikichelewa kidogo tu inakuwa kelele. Video itangulie barua, ila ikae nyuma ya muuguzi." Alipewa onyo la maandishi, na foleni zikapangwa vile alivyosema hadi leo.

Oktoba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya koo, na tarehe 18 Januari 2022 aliondolewa kisanduku cha sauti, jambo lililotufanya sote tulie, mpaka alipochukua ubao wake mdogo akaandika, "Nimeshushwa hadi foleni ya barua pepe," tukacheka huku machozi yakitutoka.

Jumanne tarehe 13 Februari 2024 alilazwa katika hospitali ile ile, hali ikiwa mbaya, na Britta alikuwa amekwama Alaska kwa dhoruba. Alipopiga simu, Colleen alitaka kuwasha video, Arvid akaandika, "Zima picha. Nataka sauti." Britta aliongea kwa dakika ishirini bila kujibiwa, huku baba yake akibonyeza simu yake polepole kwa kidole kimoja, na saa tisa na nusu alasiri kaka yangu akakata roho, naye Britta akabaki akituuliza, "Jamani, alinisikia?"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Doreen na wafanyakazi wenzake wote, na majirani mliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa.

Britta, ambaye amefika na ameketi hapa mbele, ameniomba nimalizie kwa barua pepe aliyoikuta usiku ule, iliyotumwa dakika nne kabla ya kifo, nayo inasema hivi: "Binti yangu, nimekusikia neno kwa neno. Hakuna lililokatika."

Upumzike, kaka.