Utepe wa Hoki kwenye Pikapu ya Orest

Benchi la kituo cha mafuta cha Holmdal, huku kwenye jimbo la theluji la Saskatchewan, lina wenyewe. Karibu na birika la kahawa hukaa Lorne, wanayemwita Fyuzi, maana magari ya mji mzima yamepita mikononi mwake. Katikati ni Delbert, jina la kijiweni Redio, kocha mstaafu wa hoki anayefunga utepe wa kijani wa fimbo kwenye kila kitu chake, hata mkono wa kikombe. Mwisho ni Metro, wanayemwita Askofu, ambaye hajawahi kuwa askofu ila ana sauti ya mazishini. Asubuhi hiyo ya Machi nafasi ya nne ilikuwa wazi. Orest, rafiki wa Lorne tangu utotoni, alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye gereji mpya ya binti fundi, Janelle Thiessen, na pikapu yake imefunuliwa boneti mchana kweupe. Lorne aliyaona yote dirishani, kwa wivu.

— Linaumwa nini hasa? Askofu akauliza.

— Ukiwasha indiketa, waipa zinacheza, Redio akadakia. Mshale wa mwendo unalala, taa za dashibodi zinawaka zote. Panya hao! Orest kalichomeka kwenye umeme wa ukutani majira yote ya baridi injini isigande, panya wakaona chumba kina joto, wakahamia na watoto. Nyaya wamekula.

— Ni waya wa betri unaoshika bodi, akasema Lorne. Ningeusugua kwa msasa tu, basi. Lakini nani kaniuliza?

— Wewe Fyuzi, magari ya siku hizi yana kompyuta, Redio akasema.

— Kompyuta nayo si inakula umeme wa betri?

— Sikilizeni, akasema Askofu. Gari limezoea ule waya wa ukutani. Sasa theluji inayeyuka, limeachishwa ziwa ghafla. Linalia.

— Acha hizo! Redio akamkata. Ni setilaiti. Kiwanda kinaliona kutoka juu, kimejua limezeeka, kinalizima kidogokidogo ili Orest anunue jipya.

— Basi kimwambie na mke wangu, aniruhusu ninunue jipya, Askofu akasema.

Walicheka, Lorne hakucheka. Macho yake yalikuwa ng'ambo, Orest anamshikia yule binti taa, anamwitikia kwa kichwa kwa heshima. Miaka yote hiyo Orest hajawahi kumwitikia yeye kwa kichwa namna ile.

— Hatalipata tatizo, Lorne akasema. Nawaambia, binti yule atabadilisha kila kitu na hatalipata.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Janelle mwenyewe, mikono imejaa grisi, ameshika kipande cha waya.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Nina swali dogo.

— Umekwama? Lorne akauliza kwa furaha mbaya.

— Nimelipata. Kompyuta za gari zinaongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Nikipima ukinzani wa umeme ni lazima nipate omu sitini. Napata mia na ishirini, yaani njia imekatika mahali. Zilizoliwa na panya nimeshaziunga, bado mia na ishirini. Kumbe ni hapa. Mtu alizikata zamani, akazinyoosha, akazifunga utepe wa kitambaa. Umekunywa maji ya theluji mpaka shaba imeoza. Nani aliunga hapa? Orest hataki kusema. Nataka anionyeshe kama kuna pengine alipogusa.

Akaweka kipande mezani. Utepe ulikuwa wa kijani.

Lorne aliutazama utepe, kisha akatazama kikombe cha Redio. Redio akaufunika mkono wa kikombe kwa kiganja, polepole.

— Lini? akauliza Lorne.

— Fyuzi, bwana, ni siku nyingi.

— Nimeuliza lini.

— Ile taa ya nyuma ilipomsumbua. Orest alisema wewe ukifungua boneti unaanza kwa kumtukana.

— Ulifungia wapi? Mlipita mlangoni kwangu?

— Gereji ya nyumbani kwangu.

Lorne akamgeukia Askofu.

— Na wewe ulijua?

— Mimi nilishika tochi tu, akasema Askofu.

Janelle alisimama kando ya meza, hajui aangalie wapi. Lorne alikuwa amejiandaa kumchukia yeye, na sasa hakuwa na nguvu hiyo. Akilini alimwona Redio amejikunja juu ya nyaya, Askofu na tochi, Orest akisimulia vichekesho vyake vilevile, na nafasi ya nne, yake yeye, iko wazi.

— Mlikunywa na kahawa? akauliza.

Redio akachukua birika amjazie kikombe. Yalitoka matone mawili.