Vifaranga Hawakusubiri Mtandao

Shikamooni wazazi wangu. Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa nafasi nieleze yaliyonikuta mitandao ilipofungwa. Nitaeleza, ila sitamtaja mtu jina.

Wengi hapa Kilosa mnanijua kwa vifaranga. Nina mashine ya kutotolesha, na wakati ule nilishaacha kukaa sokoni. Biashara yote ilikuwa kwenye simu. Napiga picha, naweka kwenye ukurasa wangu, wateja wananiandikia humohumo: wa Dumila, wa Morogoro, wa Mikumi. Ndugu zangu, ilikuwa raha. Unachambua mchicha huku unauza.

Basi mteja mmoja wa Mikumi akaagiza mzigo mkubwa kuliko wote niliowahi kupata. Tukakubaliana vifaranga wakitoka, kesho yake asubuhi niwapeleke stendi ya Mikumi. Akaniandikia, "Ukifika nishtue." Nikamjibu sawa.

Mayai yakaanza kupasuka, na siku hiyohiyo ukurasa ukagoma kufunguka. Nikadhani bando limeisha, nikanunua jingine. Wapi. Jirani akaja mlangoni, "Na kwako haifunguki?" Ndipo tukasikia mitandao imefungwa, na hakuna aliyejua hadi lini. Sikusimama hapa kuisema serikali. Waliofunga walikuwa na sababu zao, mimi nilikuwa na vifaranga, na kifaranga huwezi kumwambia arudi kwenye yai.

Mume wangu akasema, "Usiende. Humjui huyo mtu, na magari yenyewe ni ya kubahatisha."

"Nikibaki nao nitawalisha nini, baba?"

Akachukua kamba akanisaidia kufunga maboksi.

Mikumi nilishuka jua limeshachoma. Nikakaa kando ya barabara na maboksi yangu, namtazama kila anayepita, nangoja mmoja aniambie, "Wewe ndiye wa vifaranga?" Watu walipita haraka, hakuna aliyetaka maongezi siku zile. Bodaboda mmoja akaniambia, "Mama, pakua VPN ufungue mtandao, utampata sasa hivi." Nilitamani, nawaambia ukweli. Lakini nilishasikia kwamba ukikutwa nayo ni kosa. Nikairudisha simu kwenye mkoba.

Vifaranga wakaanza kuhema midomo wazi. Nilipofunua boksi la chini, wa katikati walikuwa wamelala, na nikiwagusa hawaamki.

Mama mmoja mwenye mgahawa palepale stendi alikuwa ananitazama. Akaja. "Dada, hao wanakufa. Ingiza ndani."

"Mteja wangu akija atanikosa."

"Akija akikuta wamekufa atanunua? Ingiza."

Tukawaingiza jikoni kwake, upande wa kivulini. Akatia sukari kidogo kwenye maji, akawawekea kwenye visahani vya chai. Kisha akaniuliza, "Huyo mteja anaitwa nani?" Nikamwambia jina analotumia mtandaoni. "Hilo si jina la mtu. Namba yake?" Sina. "Mwanamke au mwanamume?" Ndugu zangu, hata hilo sikulijua. Hapo ndipo nilipolia. Nina wateja mkoa mzima, na simjui hata mmoja.

Yeye hakucheka wala hakunibembeleza. Alifuta mikono kwenye khanga, akasema, "Simu za kawaida zinapiga." Akaanza kupiga. Akampigia wifi yake, akampigia mke wa mchungaji, akampigia jirani wa ustadhi, akawapigia wenzake wa kikundi kama hiki chetu. Kila mmoja alimwambia maneno yaleyale: "Kuna mwenzetu amekwama hapa kwangu, njoo na tenga."

Wakaja. Wengine walinunua wawili tu, wengine wengi, wengine walikuja kutazama wakaondoka na vifaranga. Kila mmoja alinipa namba yake, nami nikamuuliza jina na anakokaa.

Sisemi kwamba mambo yalinyooka siku ile. Waliokufa niliwazika, na mayai mengine yalikuwa tayari mashineni. Nilirudi sokoni. Nilipanda pikipiki hadi Zombo, nikapita nyumba kwa nyumba. Wale kina mama wa Mikumi wakawa wananipigia wenyewe, na kunitafutia wengine.

Mtandao ulipofunguliwa nikakuta ujumbe wa yule mteja. Kumbe alikuja. Alifika stendi wakati sisi tuko jikoni, akaniulizia kwa jina la ukurasa wangu. Nani Mikumi angelijua? Akaondoka na matenga yake matupu. Siku hizi ananunua kwangu, na ni mwanamke, tena mcheshi sana kwenye simu.

Ukurasa bado ninao na picha naweka. Lakini kabla sijampa mtu kifaranga, namuuliza jina, kwao na namba. Mkinikuta nauliza sana, mnivumilie.

Namshukuru mume wangu. Nawashukuru kina mama wale. Na yule wa mgahawa amefunga biashara yake leo, amepanda gari kutoka Mikumi kuja kunisikiliza. Nimeahidi sitataja jina. Ila kikao kikiisha, msiondoke kabla hamjamuuliza mwenyewe.