Dakika Kumi za Dada Yetu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, nimekabidhiwa karatasi hii niisome bila kulia, nitajaribu, ila kucheka siahidi kujizuia, maana dada yangu hakuwa mtu wa kusimuliwa kwa sauti ya chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1978, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, mtoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara kuanzia 1985 hadi 1991, sekondari akamaliza 1995, na Novemba 2000 akahitimu stashahada ya maabara, huku mwalimu wake akiandika kwamba ana akili nyingi na subira haba.

Tarehe 5 Februari 2001 aliajiriwa katika maabara ya kliniki ya macho, chumba chenye dirisha moja na meza mbili, na humo ndimo alimofanya kosa lililomjenga. Asubuhi ya tarehe 18 Juni 2007 alikuja mwalimu wa darasa la kwanza, jicho limemwiva, akapimwa kwa kipimo cha haraka cha virusi, kile cha kijiti cha pamba na mistari, dada akakisoma dakika ya nne badala ya kungoja ya kumi, akamwambia hana kitu, aende kufundisha. Dakika ya kumi, akiwa anafuta meza, mstari wa pili, ule wa kusema virusi vipo, ukajitokeza, mwembamba kama uzi, naye akatoka mbio na koti lake jeupe, kiatu kimoja mguuni, akamkamata mwalimu langoni mwa shule kabla hajashika mkono wa mtoto hata mmoja.

Tangu hapo tukamwita Dakika Kumi, na mwalimu, macho yalipopona, akarudi kumtazama vizuri, wakafunga ndoa tarehe 13 Desemba 2008, wakajaliwa mabinti wawili, wa 2010 na wa 2013.

Mwaka 2014 kliniki ilitaka kuvitupa vipimo vile, kwa kuwa katika kila wagonjwa mia ambao mashine kubwa ilithibitisha wana virusi, vyenyewe vilinasa hamsini na wanane tu. Dada akasema kipimo hakisemi uongo, sisi ndio tunaokikatiza kauli, akaomba miezi mitatu, akaweka mezani saa ya jikoni iliyotegwa ilie baada ya dakika kumi, akapitisha kijiti ndani ya kope la chini inavyotakiwa, na ndugu zangu, katika mia akanasa themanini na tisa! Alivyopiga kelele kwenye simu nilidhani amejifungua tena. Hata hivyo hakuwaficha wale kumi na mmoja waliomponyoka, alibandika ukutani kwamba jibu la hapana si cheti cha uzima, jicho likiwa jekundu kaa nyumbani, na karatasi hiyo ipo hadi leo.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi. Daktari alipotamka kwamba ametutoka, shemeji alimwomba asimfunike kwanza, akaweka saa ile ya jikoni kando ya kitanda, daktari akavuta kiti, tukakaa sote hadi ikalia, na jibu halikubadilika.

Tunamshukuru daktari huyo kwa kukaa nasi, wauguzi, majirani waliotuchotea maji na kutulelea watoto, na wenzake wa maabara, ambao wamefika wote kasoro mmoja, ana jicho jekundu, kipimo kimesema hapana, naye amebaki nyumbani.

Pumzika kwa amani, dada, wamekusikia.