Awino Atasomea Nini

Nitegulieni hiki: ni chako, lakini wakubwa hukuchagulia bila kukuuliza. Jina? Ndiyo, na siku hizi hata kozi ya chuo kikuu.

Benta, mchuuzi wa samaki pale Dunga kando ya ziwa, alikuwa ndani ya meli ya kwenda Kendu Bay akimrudisha bintiye Awino shuleni, kidato cha nne. Kesho yake wanafunzi walitakiwa kuchagua kozi. Kwenye benchi lao alikaa mgeni, Mwalimu Wakoli, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaelekeza vijana kuhusu vyuo.

"Awino, unataka kusomea nini?" aliuliza mwalimu.

"Udaktari," akajibu Benta.

"Mama, nimemwuliza yeye."

"Na huo mdomo wake aliutoa wapi, Mwalimu? Si kwangu?"

Abiria wa nyuma walicheka. Wakoli hakucheka. Alieleza kwamba mwaka jana darasa lake zima liliandika udaktari. Alama hazikutosha, wakapewa kozi ambazo hata majina yake hawakuyajua. "Kwa hivyo, Awino, unapenda nini?"

"Anapenda udaktari," Benta alisema. "Mimi nimenuka samaki ili yeye anuke sabuni ya hospitali." Lakini moyoni alijiuliza mbona mtoto anatazama maji tu.

Meli iligusa gati, watu wakabeba mizigo. Awino hakuinuka.

"Nataka kusomea samaki, Mama. Wale fulu wadogo uliokuwa ukiwauza ili kunilipia karo wameisha ziwani, na kila ninayemwuliza kwa nini, hajui."