Kisahani Alichokiombea Sylivia

Mbele ya duka la simenti pale Bwera kuna benchi la mbao, na kila jioni Muhamood huweka hapo birika lake la kahawa. Wateja wake wa kila siku ni Afande, aliyeacha jeshi lakini sauti ya jeshi haikumwacha, na Célestin, mbeba mizigo wa mpakani Mpondwe. Jumapili hiyo Asanasio, msomaji wa kanisani, alikuja akaketi bila hata kusalimia. Binti yake Sylivia, wa chuo kikuu, likizo hii alikuwa Kasese na wenzake wakijifunza kazi za maabara. Huko walitaka kuvifunza vijidudu vibadili rangi vikiwekwa kwenye maji yenye shaba. Asanasio akawaeleza kwamba jana binti alirudi nyumbani analia. Kesho alitakiwa kule tena, na Asanasio alikuwa ameshakata shauri kwamba haendi.

— Walimufukuza? Afande akauliza.

— Hapana. Walimupa kisahani, ndani iko chakula ya vijidudu, imeganda kama samli asubuhi. Akafunua kifuniko, akaiombea. Kwa sauti, vile nimemufunza mimi. Baada ya siku tatu ikaota ukungu mweusi. Mwalimu akasema ni pumzi yake. Tupa, anza tena, na kinywa ifungwe.

— Kinywa ifungwe, Célestin akarudia. Iyo njo mubaya. Wale walimu beko nakataza mutoto kusali.

— Mimi naona ombi ilijibiwa, Muhamood akasema huku akimimina. Aliomba kitu iote. Imeota.

Asanasio hakucheka.

— Sikiliza, Afande akasema. Kwa doria tulikatazwa kuongea, adui asisikie. Hivyo vijidudu vinasikia. Vimesikia sauti ya mlokole, vimeogopa, vimekuwa nyeusi.

— Kama vinasikia, kesho vitasema, Célestin akadakia. Vitawekwa ku douane, pale kwa watu wa ushuru. Mama anapita na kitenge chini ya nguo, kijidudu kinaita: Chef, uyu iko na mbili.

— Hapo wewe na magendo yako utakula nini? Muhamood akauliza.

— Njo ile nawaza.

Asanasio alitabasamu, halafu akajilaumu. Kuna kitu hakuwaambia. Sylivia alimjibu mwalimu mbele ya wenzake, "Ni baba alinifunza hivyo," nao wakacheka. Hapo ndipo palipomuuma yeye baba, na alijua kwamba ni kiburi.

— Haendi, alisema. Atasaidia mama yake shambani.

— Mzee amesema. Imeisha, Afande akasema.

Saudah, muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekuja na themosi yake ijazwe kahawa. Yote alikuwa ameshayasikia akiwa kwake; sauti za benchi lile si ndogo.

— Mzee Asanasio, na yeye Sylivia anasema nini?

— Analia.

— Hiyo nimesikia. Anataka kurudi?

Muhamood akaanza kuijaza themosi. Tangu jana Asanasio alikuwa amemsemesha mtoto, amemsomea Maandiko, amemuombea. Kumuuliza, hakumuuliza.

Akaweka kikombe chini kahawa ikiwa bado ya moto, akashika njia ya nyumbani.